Chatu wa Mabaka na Neno Nililolikosea

Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikitahakiki mashairi na tamthilia, lakini sikuwahi kudhani kwamba uzeeni ningekaa chini nimtahakiki nyoka. Naomba univumilie. Jambo lenyewe lilinianza kwa mzaha, likaishia kunifukulia kosa nililolifanya darasani mwaka 1986, na tangu hapo sijaweza kuliweka kando.

Mwaka 2019 nilikwenda Marekani kumtembelea binti yangu. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 19 wakati huo, alikuwa na chumba chake chini ya nyumba, na siku ya pili tu akaniomba nishuke nikaone mifugo yake. Nilidhani nitaonyeshwa kuku au sungura. Nikakuta rafu zenye droo za plastiki, na ndani ya kila droo amelala chatu. Mimi nilizaliwa kijijini, ambako chatu alikuwa ni mnyama wa kumeza mbuzi, na akionekana watu huitana kwa mayowe. Nilirudi nyuma hatua mbili nikashika reli ya ngazi. Kijana akacheka kwa adabu, akafungua droo moja, akamtoa nyoka aliyejiviringa mikononi mwake kama kata ya kubebea mtungi.

"Babu," akasema, "wewe umefundisha fasihi na baiolojia. Niambie basi, huyu ni mzuri au si mzuri?"

Ni kweli. Nilisomea ualimu chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, somo langu likiwa baiolojia, na kwa kuwa walimu walikuwa haba nikabebeshwa na vipindi vya Kiswahili hadi nilipokuwa mkuu wa shule. Swali lake lilikuwa swali halali la tahakiki. Siku ile sikulijibu. Nalijibu leo, na nitafuata njia tuliyowafundisha wanafunzi: kwanza fani, kisha maudhui, na mwisho hukumu.

Tuanze na umbo. Chatu anayefugwa kwa wingi na Wamarekani na watu wa Ulaya si yule mkubwa wa kwetu. Ni mdogo, jike wake aghalabu hapiti mita moja na nusu, hana sumu, na chakula chake ni panya na wadogo wenzao. Makao yake ya asili ni ukanda wa nyasi na mashamba ya Afrika Magharibi, Ghana, Togo na Benin, na huenea mashariki hadi kona ya kaskazini magharibi ya Uganda. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani humwita chatu mpira, kwa kuwa akiogopa hujikunja akawa tufe na kukificha kichwa katikati. Katika mji wa Ouidah, nchini Benin, chatu huyu huheshimiwa kidini na ana hekalu lake. Rangi yake ya kawaida ni kahawia iliyokoza ikichorwa madoa ya hudhurungi yenye kung'aa kidogo, mfano wa majani makavu yaliyopigwa na jua la alasiri. Mwenyezi Mungu hakumnyima uzuri hata chembe.

Aliyetolewa kwenye droo hakuwa huyo wa kawaida. Kichwa chake kilikuwa na rangi ya asili. Baada ya shingo rangi ikakatika ghafla, mwili ukawa mweupe kama tui, kisha likaja baka la kahawia lenye mistari miwili myeusi, kisha weupe tena, kisha baka jingine. Nakiri kwamba nilisahau hofu. Nilisogea.

Sasa, weupe huu unapatikanaje? Hapa ndipo sanaa ya wafugaji ilipo. Kiumbe hupokea nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika rangi za namna hii, nakala moja iliyo nzima inatosha kuifanya kazi yote. Nyoka mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu huonekana wa kawaida kabisa, na hata umtazame kwa miwani mitatu hutaona tofauti. Yeye ni mbebaji. Wafugaji humwita "heti", mkato wa neno refu la kisayansi. Ili mabaka yaonekane, mtoto sharti apokee nakala yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili.

Mfugaji mwenye dume mmoja wa mabaka akimpandisha kwa jike wa kawaida, watoto wote watazaliwa wa kawaida kwa sura, na wote watakuwa wabebaji. Mwaka huo hana cha kuonyesha. Itambidi awalee majike hao takriban miaka mitatu hadi wapevuke, kisha awapandishe. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi kati ya manne na manane, nayo hukaa katika mashine ya kuangulia kwa muda wa karibu miezi miwili katika joto la nyuzi 31 au 32. Wabebaji wawili wakikutana, kwa kila watoto wanne hutarajiwa mmoja wa mabaka, wawili wabebaji, na mmoja asiyebeba chochote. Nasema "hutarajiwa", maana yai halijui hesabu. Katika mayai sita ya wabebaji wawili, uwezekano wa kutopata hata mmoja mwenye mabaka ni karibu 18 katika 100. Mtu anaweza kungoja miaka minne akafungua kasha akakuta nyoka sita wa kahawia.

Hiyo ndiyo fani, na kwayo nawapa wafugaji alama za juu. Dunia ya leo hutaka kila kitu kije leo jioni, lakini kazi hii haiharakishwi na fedha. Chatu mweupe asiye na rangi nyeusi, yaani albino, alithibitishwa kuwa anarithisha rangi yake mwaka 1992, pale Mmarekani Bob Clark alipoangua watoto wa rangi hiyo. Yule wa mabaka alithibitishwa mwaka 1997 na mfugaji mwingine wa huko, Peter Kahl. Kabla ya hapo walikuwapo nyoka wa mabaka walioletwa kutoka Afrika, lakini hakuna aliyejua kama mabaka yale ni urithi au ni ajali ya mayai. Ilibidi mtu afuge, angoje, arudie, na akubali kwamba huenda miaka yake itapotea bure. Walimu tunaifahamu kazi ya namna hiyo.

Nigeukie maudhui, na hapo alama zitaanza kupungua.

Wabebaji wawili wakizaa, watoto wa mabaka huonekana mara moja, huondolewa na huuzwa ghali. Hubaki wa kahawia. Kati ya kila watatu wa kahawia, wawili ni wabebaji na mmoja si mbebaji, ila hakuna awezaye kuwatofautisha kwa macho. Sokoni huandikiwa kibandiko: "asilimia 66". Nilipokiona kibandiko hicho nilimuuliza mjukuu wangu, je, nyoka huyu ana theluthi mbili za jeni? Hapana, Babu. Ama anayo, ama hana. Basi, nikasema, ile asilimia 66 si sifa ya nyoka, ni kipimo cha ujinga wetu juu ya nyoka. Akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kulifikiria hivyo.

Hili ndilo jambo la kwanza ninalolihoji. Biashara nzima ya rangi zilizojificha imejengwa juu ya kitu kisichoonekana, na kisichoonekana hakina shahidi ila neno la muuzaji na daftari lake. Siku hizi, kwa baadhi ya rangi, gamba alilojivua nyoka linaweza kupimwa maabara na jibu likapatikana bila kungoja mayai. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo. Mnunuzi alitoa fedha, akapewa nyoka wa kahawia na karatasi.

Mjukuu wangu mwenyewe alipatwa. Akiwa na miaka 16 alifanya kazi likizo nzima, akanunua jike mdogo aliyeandikiwa kwamba ni mbebaji kwa hakika, si kwa asilimia. Akamlea miaka mitatu. Akampandisha kwa dume wa mabaka, yule niliyeonyeshwa. Kama jike angekuwa mbebaji kweli, nusu ya watoto wangetarajiwa kuwa na mabaka. Alitaga mayai saba. Wote saba walitoka wa kahawia. Tulikaa mezani tukapiga hesabu pamoja: kama yule jike ni mbebaji, jambo kama hilo hutokea mara 1 katika 128. Sisemi muuzaji alidanganya, huenda alichanganya droo. Lakini miaka mitatu ya kijana ilikuwa imekwisha.

Nikamuuliza utafanya nini na watoto hawa? Akasema wote wamepata nakala moja kwa baba yao, basi atawaandika wabebaji, na ndivyo walivyo. Na mama yao? "Huyo, Babu, nikimuuza nitamwandika jina lake halisi: chatu wa kawaida." Angeweza kuisogeza karatasi ile ile kwa mnunuzi mwingine na asijulikane. Wakati huo nilitambua kwamba maudhui ya sanaa hii si rangi. Ni uaminifu juu ya kile ambacho jicho la mwenzako haliwezi kukikagua. Mfugaji mwenye daftari safi ni msanii, na asiye nalo, hata akiwa na nyoka mia wa rangi mia, ni mchuuzi tu.

La pili ninalolihoji ni bei. Chatu wa mabaka wa kwanza waliuzwa kwa maelfu kwa maelfu ya dola. Leo wa namna hiyo hiyo hupatikana kwa mamia machache. Nyoka hakubadilika, mabaka ni yale yale na weupe ni ule ule. Kilichobadilika ni idadi ya watu walio naye. Basi waliokuwa wakilipa bei ile walikuwa wakinunua nini? Kama walinunua uzuri, uzuri haukupungua. Walinunua kuwa nacho wakati jirani hana. Ndiyo maana wafugaji hukimbilia kuchanganya rangi mbili zilizojificha, kisha tatu. Wazazi wakiwa wabebaji wa rangi mbili, mtoto mwenye zote mbili hutarajiwa mmoja tu katika 16, na katika mayai sita, karibu mara mbili kati ya tatu hatatokea hata mmoja. Kila mchanganyiko hupewa jina jipya lenye mbwembwe. Nimeyasoma majina hayo nikakumbuka washairi chipukizi waliodhani msamiati mgumu ndio ushairi.

La tatu ni nani mwenye kazi hii. Katika tahakiki huuliza: mtunzi ni nani? Mfugaji huchagua wazazi, lakini hawezi kuagiza baka likae wapi. Mtoto mmoja atatoka na weupe kidogo tu mkiani, ndugu yake atatoka mweupe tangu shingoni hadi mwisho. Na mbegu ya mwanzo haikutoka Marekani. Ilitoka kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya Ghana, Togo na Benin, ambako wawindaji huchimbua nyoka na majike wenye mayai, wakawauza kwa wakusanyaji, na wakusanyaji wakawasafirisha ng'ambo chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Albino wa kwanza alitoka porini. Wa mabaka alitoka porini. Katika vitabu vya rangi hizi jina la mfugaji wa kwanza limo, na mwaka umo. Mchimbaji aliyeinua jembe akaona weupe shimoni hana jina. Simlaumu Clark wala Kahl, kazi yao waliifanya. Nasema tu kwamba shairi hili lina mtunzi mwingine ambaye jalada halikumtaja.

La nne ndilo zito zaidi, nalo ni hali ya mnyama mwenyewe. Albino na wa mabaka, kwa jumla, huishi vyema wakitunzwa. Lakini ipo rangi nyingine iliyojificha, albino wa rangi ya karameli, ambayo wafugaji wenyewe wamekiri kwamba baadhi ya watoto wake huzaliwa na uti wa mgongo uliopinda. Pia ipo ile iitwayo buibui, ambayo haikujificha: nakala moja yatosha kuionyesha. Nyoka wa buibui hutikisa kichwa, hukosa mizani, na wengine hujipindua chali. Mwaka 2022 wachunguzi walionyesha kwamba sehemu ya ndani ya sikio, ile inayoshika mizani ya mwili, ina kasoro ya maumbile. Chama kimoja cha wapenda wanyama watambaao nchini Uingereza kilikuwa kimekwisha kupiga marufuku kuuzwa kwa buibui katika maonyesho yake tangu 2018. Lakini kabla ya hapo, kwa karibu miaka ishirini, kasoro ilikuwa wazi mbele ya kila mwenye macho, na wateja wakanunua. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo letu ni lile lililojificha tu. Mara nyingine limesimama mlangoni linatikisa kichwa, na sisi tunatazama rangi.

Ningeishia hapa, na hukumu yangu ingekuwa imekamilika. Lakini mwaka 2022 mjukuu wangu alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyesoma jambo jipya. Chuo kikuu kimoja cha jimbo la Michigan kilikuwa kimewaomba wafugaji wa kawaida watume magamba waliyojivua nyoka wao. Kwa magamba yale watafiti wakatafuta hitilafu ya jeni kwa rangi tatu. Moja ya rangi hizo ni albino mwenye wekundu wa zambarau hafifu. Hitilafu yake ilipatikana katika jeni iitwayo OCA2: kipande cha jeni kimefutika.

"Babu, unaifahamu OCA2?"

Sikuifahamu kwa jina hilo, maana nilistaafu kabla haijafika vitabuni mwetu. Akanieleza. Ndiyo jeni ambayo, kwa wanadamu wa Afrika kusini mwa Sahara, kufutika kwa kipande chake ndicho chanzo kikubwa cha ualbino. Si mkato ule ule, kila kiumbe na mkato wake, lakini jeni ni hiyo hiyo. Simu ikabaki sikioni. Nilikuwa namwona msichana mmoja wa Kidato cha Nne, dawati la mbele.

Mwaka 1986 nilikuwa nafundisha urithi. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza, na kama ilivyo desturi ya walimu wengi, nilipoona macho ya darasa yamepotea nilieleza kwa Kiswahili. Kuna neno la kitabuni la jeni inayojificha mbele ya mwenzake. Nililitafsiri ubaoni kwa herufi kubwa: DHAIFU. Lile la mwenzake nikaliita YENYE NGUVU. Kisha, kwa kutafuta mfano wa karibu, nikataja ualbino. Katika darasa lile alikuwamo msichana mwenye ualbino. Alikaa mbele kwa sababu hakuona ubao vizuri. Aliliandika neno langu daftarini, uso karibu ugusane na karatasi. Baada ya kipindi alinifuata. "Mwalimu, ina maana mimi nimetokana na udhaifu wa baba na udhaifu wa mama?" Nami, nikiwa na chaki mkononi na kengele imekwisha kulia, nikamjibu, "Ndivyo sayansi inavyosema." Nikaondoka.

Sayansi haikusema hivyo. Nilisema mimi. Jeni ile si dhaifu. Ingekuwa dhaifu ingekwisha kupotea. Imevuka vizazi na vizazi ikiwa kimya ndani ya watu weusi wasiojua kwamba wanaibeba. Fanya hesabu pamoja nami, msomaji. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino. Kwa kanuni ya kawaida ya vitabu, kama mmoja katika 1,400 ana nakala mbili, basi karibu mtu 1 katika kila 19 ana nakala moja. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 40. Huenda wawili wao walikuwa wabebaji, na labda mwalimu pia. Nilimnyooshea kidole yule mmoja aliyeonekana, kumbe tulikuwa wengi tuliojificha.

Na neno lina miguu, hutembea. Miaka ya 2007 na 2008 dunia ilisikia habari za ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa ushirikina, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Sisemi neno langu la ubaoni ndilo lililoua, nitakuwa najipa ukubwa nisio nao. Lakini waliofanya yale walipita shuleni, na mbele yao alisimama mwalimu. Kama walimu tungeeleza vizuri kwamba mtoto huyu amepata rangi yake kwa njia ile ile uliyoipata pua yako, na kwamba huenda wewe unayemcheka ndiye unayeibeba, pengine uongo wa waganga ungekuta akili zilizokwisha kushiba.

Simlinganishi mtu na nyoka, Mungu apishe mbali. Ninalinganisha macho ya wanunuzi. Kule mtu alitazama rangi adimu akaona dola, asimwone mnyama. Huku mtu alitazama rangi adimu akaona utajiri wa kishirikina, asimwone mwanadamu. Ugonjwa wa macho ni mmoja, ingawa dhambi hazilingani kabisa. Ajabu ni kwamba wafugaji wa nyoka walikuwa wamelijua kwa muda mrefu jambo ambalo mimi, mwalimu mwenye cheti, sikulifundisha: kwamba yule wa kawaida na yule wa rangi adimu ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba anayeonekana wa kawaida ndiye mara nyingi aliyeibeba siri nzima. Wao hawaiti jeni ile dhaifu. Huiita iliyojificha, huiandika daftarini, na huitunza.

Nilimtafuta yule msichana. Sasa ni mama mtu mzima aliyelea watoto wake. Nilipata namba yake kwa mwanafunzi mwenzake, nikapiga. Akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia, nikamweleza bila kuzunguka. Nikamwambia siku fulani mwaka 1986 niliandika neno ubaoni, nawe ukaniuliza swali, nami nikakujibu vibaya. Nilikuwa nimejitayarisha kusikia kwamba amesahau.

"Nakumbuka, Mwalimu," akasema. "Kwenye mtihani swali lilikuja. Niliandika neno la kitabuni. Lile la kwako nililiacha."

Nikamwomba radhi. Akasema amepokea, kisha akaniuliza hali ya magoti yangu, kwa kuwa alikuwa amesikia ninaugua, tukazungumza mambo ya wazee.

Basi, mjukuu wangu, ulitaka kujua kama chatu wako ni mzuri. Hii ndiyo hukumu ya babu yako. Nyoka ni mzuri, na wa kahawia naye ni mzuri vile vile, usimweke droo ya chini. Fani ya kazi yako ni ya mtu mvumilivu. Maudhui yake ni daftari lako, maana humo ndimo unamoeleza ukweli juu ya kile ambacho mteja hawezi kukiona. Siku utakapoandika humo jambo usilolijua kana kwamba walijua, sanaa yako itakuwa imekwisha, hata mabaka yakiwa meupe kuliko tui. Mimi niliandika ubaoni jambo nisilolijua, kwa herufi kubwa, na ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kulifuta.